Masikio ya Jaji na Grafu za Niken

Bantul, 12 Februari 2018

Mwanangu Niken,

Assalamu alaikum. Kabla hujaendelea kusoma vuta kiti ukae, maana najua katika hicho chumba chenu cha kupimia spika mnasimama mchana kutwa. Sisi huku wazima. Mama yako mkubwa magoti yanamsumbua kwa mvua hizi, lakini mdomo hauna goti, unakwenda vizuri tu. Mpunga umesimama. Wening, ndege wangu, amemaliza kubadili manyoya, na nikimpandisha na tundu lake juu ya mlingoti asubuhi anaita hadi majirani wanakuja na vikombe vyao vya kahawa kumsikiliza.

Nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Chama chetu cha wafuga perkutut, hawa njiwa wadogo wa kuimba, kimemaliza ukumbi. Wanataka spika nzuri, ili majaji wapya wafundishwe kwa sauti za ndege walioshinda miaka iliyopita. Mwenyekiti akasema, "Mwenye masikio hapa ni Bwana Sugimin, achague yeye." Unadhani ilipita hivyo? Kuncoro wa kinu cha mpunga, jaji mwenzangu, akasimama na simu yake mkononi: "Siku hizi hatuendi kwa masikio ya mzee mmoja. Twende kwa vipimo." Watu wakaguna, wengine kwa kumkubali.

Unajua Septemba kuna shindano kubwa na mimi ndiye jaji mkuu, kama nilivyokuwa kwa miaka kumi na tisa mfululizo. Nikichagua spika mbovu watasema masikio yangu yamechoka, na jaji aliyechoka masikio hurudishwa nyumbani kulisha kuku. Sitaki kulisha kuku, mwanangu. Kuku hawana sauti ya maana.

Spika ninazozitaka nimekwisha kuziona, zipo dukani kwa Koh Liang mjini Yogya. Zina mng'ao wa ajabu. Nimetengeneza redio miaka arobaini, na sijasikia sauti iliyokaa wazi namna ile. Niandikie karatasi moja yenye namba, iwe na mhuri ikiwezekana, tumfunge Kuncoro mdomo.

Usinipigie simu. Simu inamnyonyoa mtu sauti yake kama kuku, inabaki nyama tu. Andika.

Baba yako mkubwa,
Sugimin


Batam, 27 Februari 2018

Baba Mkubwa, shikamoo,

Barua yako imenikuta nimekaa, kwa hiyo amri yako nimeitii kabla hujaitoa. Mimi mzima. Mwenzangu wa chumbani ameolewa akahama, nimebaki na jiko lote peke yangu na bado naunguza tempe za soya. Mwambie Mama Mkubwa asicheke. Meneja wetu mpya anatoka Medan, anaongea kwa sauti kubwa hivi kwamba tukiwa tunapima inabidi tumtume nje akatafute chai.

Kuhusu karatasi ya namba: siwezi, Baba Mkubwa. Spika sijazipima nitaziandikiaje namba? Wewe mwenyewe ulinifundisha nikiwa darasa la nne kwamba fundi haihukumu redio kabla hajaifungua akaiangalia. Sasa unanitaka nipige mhuri kitu ambacho sijakiona.

Nafanya lililo bora kuliko karatasi. Nakutumia jozi ya spika zetu wenyewe. Nimezishughulikia miaka miwili, kuanzia mbao za boksi hadi gundi. Grafu yake ni mstari ulionyooka kama maji ya bwawa asubuhi: kinachoingia ndicho kinachotoka, hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa. Zilinganishe na za Koh Liang, sikiliza bila haraka, kisha uniambie.

Ila uniambie ukweli. Nikikosea nataka nisikie kwako kabla sijasikia kwa wateja.

Mwanao,
Niken


Bantul, 30 Machi 2018

Niken mwanangu,

Salamu nyingi. Spika zimefika salama, boksi halina hata mkwaruzo. Mama yako mkubwa amelitwaa, anatunzia vitunguu. Mjomba wa jirani amefariki, tulikuwa msibani siku saba, ndiyo sababu nimechelewa. Vinginevyo tunaendelea.

Uliomba ukweli. Nimeazima zile za dukani, nikaziweka zote nne sebuleni, na nimesikiliza siku kumi na moja. Kwanza gamelani, zile ngoma na patu za shaba, ya msikiti wa Kotagede, kisha mwimbaji wa kike, kisha sauti ya Wening. Mwanangu, bwawa lako limenyooka hadi limelala usingizi. Spika zako zimejifunika blanketi. Upatu mkubwa ni mzuri, sikatai, na sauti ya mwanamume inasimama kama yuko chumbani. Lakini juu hakuna kitu. Mwimbaji anaimba na mkono umeziba mdomo wake.

Nina ushahidi pia, usije ukadhani ni ubishi wa mzee. Ipo kanda niliyorekodi nyuma ya nyumba mwaka 2003, nyenje wanalia shambani. Kwenye spika za Koh Liang nyenje nawasikia, kwa mbali lakini wapo. Kwenye zako hawapo kabisa. Umewaua wote. Inanisikitisha zaidi kwa sababu hata shambani kwenyewe siku hizi wamekwisha, hizi dawa wanazopulizia mpunga zimewamaliza. Kama si kanda ile ningeshasahau wanalia vipi.

Kwa hiyo naomba usikasirike. Miaka miwili si mingi, utazirekebisha. Grafu haina masikio, mwanangu, na wanaonunua spika wanayo.

Baba yako mkubwa,
Sugimin

Niken, ni mimi mama yako mkubwa, ameniachia bahasha niigundishe. Lipo ambalo hakukuandikia. Alipopiga kanda ya Wening kwenye spika za dukani, Wening alikaa kimya, akachokoa manyoya. Alipoipiga kwenye zako, Wening alinyanyua shingo akajibu. Mara tatu. Baba yako mkubwa akaufunga mlango akasema ndege ana upepo mwilini. Halafu mimi zile za dukani siwezi kukaa nazo, zinachoma masikio kama sindano, nakimbilia jikoni. Na nyenje wapo tele, wanapiga kelele jioni hata redio siisikii. Usimwambie nimeandika. Painem.


Batam, 14 Aprili 2018

Baba Mkubwa, shikamoo,

Pole sana kwa msiba. Mimi mzima, na tempe zangu sasa zinaungua upande mmoja tu, kwa hiyo kuna maendeleo. Meneja wa Medan amepoteza sauti kwa wiki nzima na ofisi yote imeongezeka uzito kwa furaha.

Nimesoma hukumu yako mara nne. Sijakasirika. Siku ya kwanza nilikasirika kidogo, ya pili nikaenda kazini.

Spika kama zile za Koh Liang tunayo moja hapa maabara, nikaipima. Mstari wake unakwenda sawa hadi katikati, halafu unapanda kama ncha ya paa la nyumba ya Minang. Sauti nyembamba zimeongezwa nguvu mara kadhaa. Ndiyo huo mng'ao. Wapo watu wanaoupenda mwanzoni, wakichoka wanazirudisha dukani. Wewe umesikiliza siku kumi na moja na hukuchoka hata kidogo?

Nakutumia diski moja ndogo. Ina milio kumi na miwili, kuanzia mzito hadi mwembamba kabisa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja unapigwa kwanza kushoto kisha kulia. Kaa kwenye kiti chako, chukua karatasi, na kwa kila mlio uandike spika imeupiga vipi: safi, unatetemeka, hafifu, au haupo. Ni mtihani wa spika. Fanya kwa zangu na za dukani. Ukinirudishia karatasi nitajua pa kurekebisha.

Na Baba Mkubwa, umeoga maji baridi siku za mvua? Masikio hayaumi? Nauliza tu.

Msalimie Mama Mkubwa, mwambie nimepata salamu zake zote.

Mwanao,
Niken


Bantul, 9 Mei 2018

Niken,

Salamu. Sisi wazima. Mfungo umekaribia, mama yako mkubwa ameanza kununua sukari.

Karatasi uliyoomba hii hapa. Nimefanya kwa spika zako:

Wa kwanza, safi pande zote.
Wa pili, safi.
Wa tatu, safi, unapendeza.
Wa nne, kulia safi. Kushoto unatetemeka kidogo sana mwishoni, kama mtu mwenye homa anayejitahidi asionekane.
Wa tano, safi.
Wa sita, safi.
Wa saba, safi.
Wa nane, hafifu.

Wa tisa hadi wa kumi na mbili sijaandika. Mvua ilinyesha ikapiga bati.

Za dukani nimezirudisha.

Sugimin


Batam, 20 Juni 2018

Baba Mkubwa, shikamoo, na mnisamehe mwili na moyo,

Hii ndiyo Lebaran, Idi yetu ya mfungo, ya kwanza sijapiga magoti mbele yenu kuomba msamaha. Walininyima likizo. Nimekula ketupat, ule wali wa kufungwa kwa majani, ya kununua, nimekaa na wenzangu wawili wa Makassar, tukalia kidogo, kisha tukacheka, kisha tukaenda kutembea kwenye maduka kuangalia bei za vitu tusivyovihitaji. Nilipiga simu siku ya Idi mara tano. Kila mara anapokea Mama Mkubwa, anasema umetoka. Mara ya tano nikasikia ukikohoa.

Wiki sita sijapata barua. Na ile ya mwisho haikuwa na salamu za Wening, wala hukunitania hata mara moja. Barua yako isiyo na utani inanitisha kuliko telegramu.

Kama nimekukosea kwa ile diski, niombe radhi vipi? Niambie nikuombe radhi kwa lipi, nitaomba kwa hilo na kwa mengine yote.

Mwanao,
Niken


Bantul, 4 Julai 2018

Niken mwanangu,

Nimekusamehe, na wewe unisamehe mwili na moyo. Nilikuwa sebuleni siku ya Idi, ni kweli. Sikuja kwenye simu kwa sababu nikizungumza nawe kwenye simu nasikia wimbo lakini maneno siyasikii. Basi, nimesema. Nilidhani nikiandika neno hilo kalamu itavunjika, haikuvunjika.

Nikueleze siku ya diski ilivyokuwa. Hakukuwa na mvua. Nilikaa kwenye kiti changu, nikaandika mlio kwa mlio, nikafika wa nane, ukawa mdogo. Wa tisa, kimya. Wa kumi, kimya. Nikafurahi, Niken. Nikasema, nimekamata spika zake, hizi hapa zimekufa juu kama nilivyosema. Nikabadilisha, nikaweka za dukani: wa nane ukang'aa, wa tisa hafifu, wa kumi kimya. Nikasema za dukani nazo mbovu, dunia imekwisha. Nikaurudia wa kumi, nikaongeza sauti hadi mwisho. Mama yako mkubwa akatoka jikoni ameziba masikio kwa viganja, anasogeza midomo tu. Nikazima. Ndipo nikamsikia: "Unataka kuniua na huo mluzi?"

Nikamwuliza, "Mluzi gani?"

Akaniangalia. Akaketi. Kisha akasema, "Mzee, nyenje wapo. Wamekuwepo siku zote."

Nilikukasirikia. Nilisema, mtoto niliyemfundisha kushika koleo amenitega, amesema anapima spika kumbe ananipima mimi. Sasa sijakasirika. Nina aibu. Nimefikiri juu ya mashindano ya miaka yote hii, mabendera ya alama niliyowapandishia ndege na niliyowanyima. Wangapi nimewadhulumu nikiwa kiziwi ninayejiita jaji? Watu wamelea ndege miaka mitano kwa ajili ya asubuhi moja, wakanikabidhi asubuhi hiyo mimi.

Nimeandika barua ya kujiuzulu ujaji. Iko ndani ya kabati chini ya sarongi. Mwisho wa Julai kuna kikao, nitaipeleka, nitasema ni magoti. Kuncoro achukue, na simu yake. Spika wachague wenyewe.

Usimwambie mtu. Wening ni mzima. Namsikia bado, au najidanganya kwamba namsikia. Siku hizi sijui tofauti.

Sugimin


Batam, 16 Julai 2018

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na salamu utanisamehe nitaziweka mwishoni, maana barua hii nimelipia ifike kwa haraka na nataka macho yako yafike haraka pia.

Usiipeleke barua iliyo chini ya sarongi.

Kwanza, nikiri. Nilikutega. Nilishaanza kushuku nilipoona nyenje hawapo kwenye spika ambazo najua nyenje wamo, na sikuwa na ujasiri wa kukwambia. Nilijificha nyuma ya neno spika. Hilo ndilo kosa langu, naomba radhi kwa hilo, na nikija nitapiga magoti kwa hilo peke yake.

Sasa sikiliza. Kanda zako za Wening, zile ulizonipa nilipohama, ninazo hapa. Nimeziingiza kwenye mashine nikaipima sauti yake kama ninavyopima spika. Nimepima miito mia mbili. Kisha nikaomba rekodi za ndege washindi kutoka kwa mwenyekiti wenu, nikamwambia ni za kazi, nikazipima nazo. Unajua perkutut anaitia wapi? Chini. Sauti ya mbele, ya kati, ya mwisho, vyote unavyovihukumu, vinakaa kati ya mlio wa tatu na wa tano wa diski yangu. Juu ya wa sita hamna kitu cha maana. Nyenje anaishi juu. Maneno yangu kwenye simu, zile s na t na f, yanaishi juu. Birika la Mama Mkubwa linaishi juu. Huko juu, Baba Mkubwa, umezeeka, na miaka sitini na tisa ndiyo inavyofanya kwa watu wote, hukuibiwa peke yako. Lakini ndege hafiki huko. Hujamdhulumu mtu.

Utasema nakubembeleza. Kwa hiyo soma na hili, maana hili limeniuma mimi.

Uliandika: wa nne, kushoto, unatetemeka mwishoni kama mwenye homa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipuuza. Nilisema, mzee, hiyo spika nimeipima mwenyewe, mstari umenyooka. Wiki iliyopita nikaitoa grafu yake tena. Sasa, sisi hapa grafu huwa tunazilainisha. Mashine inatoa mstari wenye vinywele vingi, haupendezi, tunaupitisha kwenye programu unakuwa laini, ndio tunaowaonyesha watu. Nikautoa ule usiolainishwa. Kulia, hakuna kitu. Kushoto, pale pale penye mlio wa nne, kuna jino moja dogo, jembamba kama uzi. Mashine ililiona. Sisi tukalifagia. Nikaenda ghalani kuuliza, wakakuta kundi zima la spika za kushoto limepakwa gundi nyembamba pembeni. Jozi mia tatu na arobaini, zilikuwa zinasubiri meli.

Meneja alishusha sauti, safari hii bila kuugua koo. Kisha akauliza aliyegundua ana mashine gani. Nikamwambia ana kiti cha mianzi.

Hakuna mtu humu ndani aliyeusikia mtetemo ule, Baba Mkubwa. Tuko kumi na mmoja, wote vijana, wote tunasikia mlio wa kumi na mbili hadi tunakunja uso. Nikawakalisha, nikawapigia wa nne kushoto. Wawili walisema labda. Wengine walisema safi. Huko chini wanakoishi ndege, wewe unasikia kuliko maabara yetu nzima.

Nimeambatanisha karatasi mbili. Moja ni mstari wa masikio yako, nimeuchora kutokana na ulichoandika na ulichoniambia. Nyingine ni mstari wa sauti ya Wening. Ziweke moja juu ya nyingine, zishike mbele ya dirisha, uangalie.

Ukishaangalia, barua ya chini ya sarongi ichane au uipeleke, ni wewe. Mimi siwezi kukuamulia, lakini nakuomba usiseme ni magoti. Magoti ni ya Mama Mkubwa.

Sasa salamu: shikamoo, mimi mzima, tempe haikuungua leo.

Mwanao,
Niken


Bantul, 24 Septemba 2018

Mwanangu Niken,

Assalamu alaikum warahmatullah, na salamu zote nilizokunyima mwezi wa tano zipokee leo kwa mkupuo. Tu wazima hadi tunaona aibu. Mama yako mkubwa amenunua kitenge kipya cha batiki kwa shindano, akasema ni cha zamani. Nimejifanya nimeamini.

Najua ulisubiri jibu miezi miwili. Nilitaka kwanza mambo yatokee, ndipo niyaandike.

Karatasi zako nilizishika dirishani siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza sikuelewa. Ya pili nikaelewa, nikadhani umechora kunifurahisha. Ya tatu nikamwita mama yako mkubwa nikamwambia anipigie mlio wa tatu, wa nne na wa tano akiwa nyuma yangu, aukate popote anapotaka, nami ninyanyue kidole ukianza na nikishushe ukiisha. Hajui huruma mwanamke yule, unamjua. Alifanya mara hamsini. Alisema, "Sijakukamata hata mara moja, nimechoka, nenda kaoge." Nikaenda kuoga na nikalia huko huko, maji yanaficha.

Kikaoni sikupeleka barua. Nilipeleka karatasi zako. Nikasimama mbele ya wafuga ndege wote, watu themanini hivi, nikazibandika ukutani. Nikasema, "Haya ndiyo masikio yangu. Kuanzia hapa kwenda juu mimi ni kiziwi, nyenje wakinitukana siwasikii. Kuanzia hapa kwenda chini, anayetaka kubishana nami aje na ndege wake." Ilikuwa kimya hadi nikadhani na wao wamehamia juu. Kisha mzee mmoja wa Imogiri akasema, "Kumbe ndiyo sababu mke wako anakufokea nawe unatabasamu tu." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, nami nikacheka hadi nikashika meza.

Kuncoro akanyoosha mkono. Nikajiandaa. Akasema, "Mimi nilitaka vipimo, vipimo vimekuja, nimeridhika. Lakini tupimwe wote." Sikutegemea, na nilimheshimu hapo hapo. Basi tukaleta spika zako na diski yako, majaji tisa wakaketi mmoja mmoja. Wanane wakapita. Zamu ya Kuncoro, sikio la kulia zuri sana, anasikia hadi wa kumi na moja. Sikio la kushoto, wa nne na wa tano nusu yake imekwenda. Miaka kumi na tano amesimama na kinu cha mpunga kikinguruma upande huo. Uso ukamsawijika. Niliijua sura ile, nilikuwa nayo mimi mwezi wa tano. Nikamshika bega nikamwambia, "Bwana, unalo moja zima, na ndege anaita mmoja mmoja. Utajifunza kugeuka." Baadaye alikuja nyumbani, tukanywa tangawizi, hakutoa simu yake mfukoni hata mara moja. Nimemfundisha wiki sita.

Shindano lilikuwa Jumapili iliyopita. Milingoti mia mbili na kumi uwanjani, saa mbili asubuhi, hakuna upepo. Ningekuwa na maneno ningekueleza. Kuncoro akipita chini ya milingoti alikuwa anatembea upande upande kama kaa, sikio la kulia juu, na watu walidhani ni ufundi mpya. Vijana wawili nimewaona wanamwiga. Mimi nilitembea wima, masikio yangu mawili, polepole, na kila nilipopandisha bendera nilijua kwa nini nimeipandisha. Miaka kumi na tisa nimekuwa jaji, mwaka huu ndio wa kwanza sikuwa na wasiwasi wowote ndani. Ndege wa Imogiri amechukua kombe. Haki yake.

Meneja wako ameniandikia barua ya shukrani kwa herufi kubwa tupu. Hata akiandika anapiga kelele. Jozi mpya uliyotuma kwa meli imefika, kushoto hakutetemeki.

Sasa spika za ukumbi. Kikao kiliniachia mimi tena, nikaazima na zile za Koh Liang kwa mara ya mwisho. Sikukaa kwenye kiti cha msikilizaji. Niligeuza kiti, nikazipa spika mgongo, nikawatazama watu. Nikapiga rekodi ya ndege mshindi wa mwaka jana kwa jozi ya dukani, kisha kwa yako, nikarudia mara sita bila kuwaambia ipi ni ipi. Kwa jozi moja walikaa wamekunja macho kidogo, wanajisogeza kwenye viti. Kwa nyingine mabega yalishuka, na mara tatu wanaume wazima waliangalia juu darini kumtafuta ndege.

Nimechagua zako. Kwa masikio yangu za dukani bado ni tamu zaidi, siwezi kukudanganya, hata leo ningepewa nafasi ningezipeleka nyumbani kwangu. Lakini nilikaa pale nikiwatazama wakisikia kitu ambacho mimi sikisikii, Niken, na nilifurahi kama mwenye kukisikia.

Baba yako mkubwa,
Sugimin